Kufuli Aliyoiweka Mwizi

Afande mwenye simu ndiye aliyeuliza. Aligeuza kioo kikatuelekea sisi wanawake wa kufua, tuliokuwa tumekaa chini ya ukuta na makarai yetu, akasema, "Hii picha nani alikupiga?"

Picha ilikuwa ya rafiki yangu. Ameshika kitambulisho chini ya kidevu, amekaza uso kama mtu anayengoja sindano. Chini pembeni palikuwa na kidole gumba kimefunika kona, ukucha una ufa. Kidole hicho ninacho hapa, ndicho kinachobana kalamu hii.

Walikuwa askari wawili wa nguo za kiraia, na mtu wa tatu mwenye koti, macho mekundu. Baba mzee wa huyo mwenye koti, huko mashambani, alipigiwa simu na mwanamke, akaambiwa mwanawe amegongwa na gari, atume pesa upesi alazwe. Mzee akauza ng'ombe. Laini iliyompigia ilikuwa imesajiliwa kwa rafiki yangu, majina yake yote, na picha yake ikiwa juu.

Rafiki yangu aliitazama picha. Akanitazama mimi, mara moja tu, kisha akarudisha macho kwa afande.

"Nilijipiga mwenyewe," akasema.

Simu yake ilikuwa mfukoni mwa aproni, ile ya kubonyeza, imefungwa na raba ili betri isianguke. Hata afande aliiona. Simu hiyo haiwezi kupiga picha ya namna ile hata ukiiombea. Hakuuliza tena, kwa sababu hakuwa anatafuta jibu, alikuwa anatafuta mtu.

Na mimi nikanyamaza. Sikusema "ni mimi." Sikusema hata "ngojeni." Nilitazama sabuni iliyokauka kwenye karai langu kana kwamba ndiyo naiona leo. Wakamfunga pingu mbele ya soja wa geti, mbele ya madamu mmoja aliyekuwa ametoka kuja kuchagua mtu wa kumfulia mapazia. Madamu akarudi ndani. Siku hiyo hakuna aliyefua.

Sasa nirudi nyuma, kwa sababu nimechoka kusikia watu wakisema wale wamama ni wajinga, halafu hadithi inaishia hapo. Ujinga una mahali unakotoka. Kuna watu waliuleta na wakatuachia.

Mimi naishi Kianda, ndani ya Kibera, upande wa kwenda Olympic. Shule niliacha darasa la sita, mama alipougua. Lakini kwenye ule ukuta karibu na Kawangware, tunakongoja kibarua cha nguo, mimi ndiye niliyekuwa msomi. Wengine wanajua kuandika majina yao tu. Nilikuwa na simu ya kupapasa, kioo kimepasuka lakini inafanya kazi, na ndiyo tuliyotumia sote. Mtu akitumiwa ujumbe na mwalimu wa mtoto, ananiletea. Mtu akitaka kujua mabaki ya stima kwenye mita, ananiletea. Huo ndio utaratibu wa ukuta wetu: mmoja anasoma, wengine wanamwekea nafasi kwenye kivuli.

Kulikuja watu wa shirika fulani kwenye ukumbi wa kanisa letu kufundisha akina mama usalama wa mtandao. Mwalimu alikuwa binti mdogo, nadhifu, sauti tamu. Asubuhi nzima alizungumza juu ya namba ya siri ya pesa, usimpe mtu, hata mume. Tukacheka. Stima ikapotea, ikarudi. Ilipofika zamu ya websaiti, trei za mkate na soda zilikuwa zimeshaingia kwa mlango wa nyuma, na nusu ya ukumbi ilikuwa imegeuza shingo. Binti akaharakisha. Akaonyesha picha kubwa ukutani, anwani ya websaiti na kufuli ndogo kando yake.

"Akina mama, kabla hujaandika kitu chako chochote, tazama hapa juu. Hakuna kufuli, toka mbio. Ukiona kufuli, iko salama. Sawa?"

"Sawaaa!" tukajibu, na watu wakainuka kwenda kwenye soda.

Iko salama. Kitu gani kiko salama? Hakusema. Hatukuuliza. Nami nilipewa fulana kwa sababu nilijibu swali, na niliivaa kwenda ukutani kesho yake.

Mnielewe kuhusu kufuli. Huku kwetu kufuli si pambo. Ukirudi kutoka kibaruani ukute kufuli usiyoijua imening'inia juu ya yako, umejua mwenye nyumba amepita, na huingii mpaka mzungumze. Kufuli ikiwa nje mchana, majirani wanajua hauko, wanakulindia. Kufuli ina mwenyewe. Mwizi tunayemjua sisi huvunja kufuli, au huing'oa pamoja na bati. Katika maisha yangu yote ya Kibera sijawahi kuona mwizi aliyekuja kuweka kufuli. Kwa hiyo binti aliposema kufuli, kichwa changu hakikuwa na kazi yoyote ya kufanya. Kilikuwa kinajua tayari.

Wenzangu wakaanza kuniita mwalimu. "Niaje, mwalimu wa kufuli?" Nilikuwa najifanya sipendi.

Halafu ikaja ile linki. Ilitumwa kwenye grupu ya vibarua na broka wetu, mwanamume wa Kawangware anayejuana na wenye fleti. Ilisema hospitali mpya kubwa inataka wanawake wa kufua shuka, kazi ya kudumu, mshahara wa mwezi, na bima ya afya. Kwa mwanamke anayelipwa kwa karai, mgongo ukimuuma analala njaa, maneno hayo ni kama mvua kwenye ukame wa Kitui.

Na rafiki yangu alikuwa mtu wa Kitui. Mjane. Alikuja Nairobi na watoto wadogo, akapanga chumba Kawangware, na mikono yake ndiyo iliyowasomesha. Ni yeye aliyenionyesha ukuta ule nilipokuwa sina pa kwenda. Alikuwa na wasiwasi.

"Hawa watu wanataka kitambulisho mbele na nyuma," akasema. "Na uso. Uso wa nini? Nguo inafuliwa na uso?"

Wengine wakacheka. Nikaichukua simu nikainua kioo wote waone.

"Si unaona hapa juu? Hii ni nini?"

"Kufuli."

"Basi. Iko salama. Wacha ushamba wa Kitui."

Niliyasema maneno hayo. Mbele ya watu, nimevaa ile fulana.

Akafuta mikono kwa leso, akatoa kitambulisho kwenye kimfuko cha nailoni alichokishonea ndani ya sidiria, akakishika chini ya kidevu. Nikampiga picha. Ya kwanza alifumba macho. "Angalia hapa kwa kamera, mama, unaogopa nini, si X-ray." Tukapiga ya pili. Baadaye zikaja namba kwenye simu yake ya kubonyeza, websaiti ikazitaka, nikazisoma nikaziandika. Ikatokea alama ya kijani: umefaulu. Tukampigia vigelegele. Wawili wengine wakajaribu, broka akatwambia nafasi za ukuta wetu zimeisha.

Mimi ndiye niliyekuwa nimejaribu kabla yao wote. Picha yangu ilikataliwa. Kitambulisho changu kimelowa kwenye maji ya sabuni mara nyingi, kimebaki na kivuli cha mtu tu. Niliingiza tena na tena, ikakataa. Nilirudi Kianda nikiwa na kinyongo, nikamuuliza Mungu mbona wengine. Sasa mnajua kwa nini niko nje naandika. Si kwa akili. Ni sabuni.

Siku ya pili baada ya kukamatwa nilienda kituoni na uji kwenye chupa. Nilikuwa nimejiapia njiani kwamba nitasema. Alikuja kwenye dirisha lenye vyuma, kichwa hakina kitambaa. Sikuwa nimewahi kumwona bila kitambaa.

"Nitawaambia ni mimi niliyepiga," nikamwambia.

"Ukisema tutakuwa wawili humu. Watoto wangu watakula kwa nani?"

"Lakini wewe huna makosa."

"Na wewe unayo?"

Akanywa uji, akarudisha chupa. "Mwenzangu, nyamaza. Ulinyamaza vizuri juzi."

Mpaka leo sijui kama alikuwa ananishukuru au ananichoma. Tumekaa pamoja mara nyingi tangu wakati huo na sijathubutu kumwuliza.

Mwenye ploti anakopanga chumba, mzee wa kanisa, familia yake iko Kawangware tangu pakiwa mashamba, ndiye aliyemtolea dhamana. Aliweka kitabu cha umiliki wa pikapu anayobebea mkaa. Tulipotoka kortini aliniita kando.

"Mimi nimeweka gari," akasema. "Wewe umeweka nini?"

Kumbe alikuwa ameambiwa.

Lakini kabla ya hapo, ndani, kulikuwa na jambo ambalo linanila zaidi ya pingu. Hakimu alimsomea mashtaka. Rafiki yangu, badala ya kujibu tu si kweli, akataka kueleza.

"Mheshimiwa, niliandikisha kwa sababu ilikuwa na kufuli."

"Kufuli gani?" hakimu akauliza.

"Ile kufuli ndogo, mheshimiwa. Ya juu. Tulifundishwa ikiwa na kufuli iko salama."

Korti ikacheka. Si hakimu, yeye aliandika tu. Waliocheka ni watu wa mabenchi, vijana wa kesi za bodaboda, karani mmoja, hata askari wa mlangoni. Nami nilikuwa benchi la nyuma katikati yao. Maneno waliyokuwa wanayacheka yalikuwa yangu. Yeye aliyabeba akasimama nayo kizimbani, na mwenye nayo amekaa.

Tangu siku hiyo hapati kazi. Kesi inatajwa, inaahirishwa, inatajwa. Soja wa geti aliona pingu, akawaambia madamu wote wa zile fleti. Nani atamfungulia nyumba mwanamke wa kesi ya utapeli? Anakuja ukutani, anakaa, madamu wanatoka, wanachagua kulia kwake na kushoto kwake. Jioni anachukua karai likiwa kavu. Tunamchangia unga, lakini hataki unga. Anataka jina lake.

Nilianza kwa broka. Nilimkuta kibandani anakula chapati.

"Linki ulitoa wapi?"

"Mimi nilifowadi tu, mathe."

"Kutoka kwa nani?"

"Kwa mtu wa grupu nyingine. Na yeye alifowadi. Kwani mimi ndiye nilimwambia aweke uso? Si ni wewe mwalimu?"

Hapo alinipiga pale pale. Lakini hata hivyo namtaja: wewe uliyesema nafasi zetu zimeisha, nani alikwambia zimeisha kama wewe ni wa kufowadi tu?

Kisha nikasikia lile shirika liko Kambi Muru, hapo hapo Kibera, linafundisha tena. Nikaenda. Binti ni yule yule. Nyuma yake limesimamishwa bango refu, na juu ya bango kufuli ya kijani, kubwa kama mlango. Nikangoja mpaka aulize kama kuna swali.

"Mimi ninalo. Kufuli ni ya nini?"

Akatabasamu. "Inaonyesha iko salama, mama."

"Nini?"

"Samahani?"

"Nini iko salama? Mimi ni mwanafunzi wako wa Kianda. Nilipeleka mtu kwenye kufuli yako, sasa ana kesi."

Nikaeleza, nimesimama, mpaka nikamaliza. Binti aliweka chini kile kijiti cha kuonyeshea. Sitamsingizia: hakunifukuza. Alikuja mpaka kwenye benchi langu.

"Mama, kufuli inafunga njia," akasema. "Kati ya simu yako na ile websaiti. Ukiandika kitu, kinageuzwa, kinakuwa michoro isiyosomeka mpaka kifike. Ukitumia intaneti ya bure mahali, mtu akikaa katikati achungulie, haoni kitu. Hiyo tu. Haikwambii anayepokea kule ni nani."

"Anaweza kuwa mwizi?"

"Anaweza kuwa mtu yeyote."

"Kwa hivyo tulimpelekea mwizi uso wa mtu, na kufuli ikahakikisha hakuna mwizi mwingine atauona njiani."

Wanawake wakacheka. Yeye hakucheka. "Ni hivyo, mama."

Akilini nikaona mfereji. Kila mtu wa Kibera anajua mifereji yetu, ile mipira ya maji inayopita ndani ya mtaro wa uchafu. Ikipasuka, uchafu unaingia, mtaa mzima unaharisha. Kwa hiyo tunakagua mpira: uko mzima? Lakini mpira mzima unaotoka kwenye tangi lenye panya aliyekufa utakuletea panya wako bila kumwaga hata tone. Hakuna aliyewahi kunielezea hivyo. Ingechukua muda wa kugawa soda chupa moja.

"Hiyo kufuli mwizi aliipata kwa nani?" nikauliza.

"Kuna mashirika yanayotoa. Inafanywa na mitambo. Unaomba, mtambo unahakikisha tu kwamba lile jina la websaiti ni lako kweli, unapewa. Siku hizi hata bure."

"Hawaulizi unafanya biashara gani?"

"Hapana. Walitaka kila mtu apate, mama, hata kanisa dogo lisilo na pesa, ili mambo ya watu yasichunguliwe. Ni jambo zuri."

"Chifu wangu akitaka kunipa barua huuliza mzee wa kijiji kama ananijua. Hao hawana mzee wa kijiji?"

Akaniambia nilipaswa kusoma anwani yenyewe, siyo kufuli. Nikampa simu, linki bado nilikuwa nayo. Akanionyesha kwa ukucha. Jina la hospitali lilikuwa mwanzoni kabisa, zuri, linajulikana. Lakini mwenye websaiti, akasema, si jina la mwanzo. Ni lile la mwisho kabla ya mstari wa kwanza ulioinama baada ya jina. Na pale mwisho paliandikwa kitu ambacho hata yeye hakujua ni nini. Mimi nilisoma neno la kwanza nikatosheka. Darasa la sita lilinifikisha hapo hapo.

Ndipo nikaona simu yake. Alikuwa ameifungua ile linki kwenye yake, na juu, mahali pa kufuli, hapakuwa na kufuli. Palikuwa na vistari viwili vyenye vidoti.

"Yako imeenda wapi?"

"Kwenye simu nyingi mpya watengenezaji wameitoa," akasema.

"Kwa nini?"

Akatazama chini. "Waliona watu wanafikiri kufuli maana yake websaiti ni ya kuaminika."

"Watu gani?"

"Watu wengi, mama. Sio nyinyi tu. Dunia nzima."

Nikakaa. Kumbe walijua. Mahali fulani watu wa akili walikaa wakasema, alama hii inapotosha watu, tuitoe. Wakaitoa kwao kimya kimya. Hakuna aliyepita Kianda na kipaza sauti kusema jamani tulikosea, msiiamini. Na hapo nyuma ya mwalimu wangu kufuli ya kijani bado imesimama.

"Na hilo bango?"

"Lilichapishwa zamani. Nimewaambia ofisini. Hakuna bajeti ya kuchapisha lingine."

"Kwa hivyo ulijua."

"Mama, mimi nimeajiriwa kufundisha kile kilichoandikwa."

"Utakuja kortini useme hivyo? Useme wewe ndiye uliyetwambia iko salama, na haikuwa? Ana wakili sasa, amesema mtu kama wewe anaweza kumsaidia."

Akasema ataiuliza ofisi. Nimempigia tangu siku hiyo. Anasema ofisi inajadili.

Kesi itatajwa tena hivi karibuni. Nimekwisha kumwambia wakili kwamba mimi ndiye niliyepiga picha na kuandika zile namba, aniandike shahidi, na rafiki yangu akasirike akitaka. Nitasimama pale nisome maneno yangu mwenyewe, na atakayecheka anicheke mimi. Lakini sitakubali kusimama peke yangu. Broka aje aseme nani alimpa linki. Wauza laini waje waseme ni sura gani waliyoiona mbele yao walipomsajili mwanamke ambaye hakuwahi kufika kwao. Wanaogawa kufuli waseme yule mwenye websaiti aliwapa jina gani. Na wewe binti, na hiyo ofisi yako inayojadili: mlitufundisha jambo ambalo mlikuwa mmeshajua linatupoteza, na mwanamke asiye na kosa anakaa ukutani na karai kavu. Mnajadili nini? Njooni kortini, msimame mbele ya hakimu, mjibu.